Majibu Safi

Majibu ya damu yalipotoka safi kwa mara ya tatu, Bi Muhsina alichinja mbuzi.

Hakukamata kisu yeye, bila shaka. Alimtuma mwanawe Marwan machinjioni, na nyama ikafika nyumbani Mabela kabla jua halijakolea. Lakini nia ilikuwa yake. Mkwewe, Shurooq, mke wa Marwan, alikuwa akilalamikia mwili tangu mwaka uliopita: mabega, kiuno, mapaja, leo kulia, kesho kushoto, kesho kutwa kote. Madaktari walimtafuta ugonjwa kwenye damu, kwenye mifupa, kwenye tezi ya shingo, hata wakamwingiza kwenye ile mashine inayogonga kama karakana ya fundi bati. Hawakuona kitu. Kwa Bi Muhsina, aliyekulia Unguja na kuzeekea Maskati, hesabu ilikuwa nyepesi. Mtu aliyetafutwa ugonjwa asikutwe nao ni mzima; uzima ni neema; na neema hushukuriwa hadharani, watu wakala, wakaomba dua, na mwenye kijicho akaona haya.

Hesabu hiyo ilikuwa na kasoro moja tu: Shurooq alikuwa bado anaumwa.

Desturi ya nyumba ile ilikuwa kwamba anayeshukuriwa ndiye anayewamiminia wageni kahawa. Mdila, birika la kahawa, hushikwa mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia, na mmiminaji hasogei mpaka mgeni akitikise kikombe kuonyesha kwamba ametosheka. Asiyetikisa huongezwa. Wanawake walikuwa wamejaa majlisi, wameegemea mito kuta zote nne, na kila mmoja alimpokea Shurooq kwa maneno yaleyale.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, alhamdulillahi."

"Mwili?"

"Alhamdulillahi."

"Tumesikia umeshapoa."

"Alhamdulillahi."

Bi Muhsina alikuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni, pahala anapoona kila kinachoingia na kinachotoka. Alizisikia alhamdulillahi hizo zikizunguka chumba kama punje za tasbihi, akaridhika.

Zilikwamia kwa Bi Sayyida. Bi Sayyida, jirani wa nyumba ya pembeni, alikuwa na kikombe mkononi na kisa mdomoni, na hakuwa mtu wa kukitikisa kimoja kabla hajakimaliza kingine. Kisa kilikuwa cha mkandarasi aliyemjengea ngazi ya marumaru inayoteleza.

"Basi mie n'kamwambia, wewe we, ngazi hii umewajengea watu au umewajengea mijusi? Ananijibu, ati, bibi, hii marumaru ya Italia. N'kamwambia, basi mlete huyo Mtaliana aje apande kwanza yeye, sie tumtizame!"

Wanawake wakacheka. Bi Sayyida akanywa, akakinyoosha kikombe bila kukitazama, Shurooq akamimina. Kisa kikaendelea. Kikombe kikanyooshwa tena. Mdila ulianza kutetemeka; tone la kahawa likaangukia zulia, kisha jingine. Bi Muhsina akakohoa kikohozi cha kumkanya. Shurooq aliinama, akauweka mdila chini, akakaa palepale katikati ya chumba, mbele ya miguu ya wageni.

"Nisameheni," alisema. "Nnaumwa."

Hakusema kwa sauti kubwa. Lakini ilifika kuta zote nne. Kwenye shukrani ya uzima, mwenye kushukuriwa alikuwa ametangaza ugonjwa. Mtu mmoja alivuta astaghfirullahi, na Bi Sayyida, kwa kuchelewa sana, akakitikisa kikombe.

Aliyeinuka ni Taghreed, dada yake Marwan, aliyekuja kutoka kwake Bawshar na abaya la kazini. Aliuokota mdila na kuanza kumimina kama anayepokea zamu. Alipopita karibu na mama yake aliinama.

"Siku ya mdila mwili unauma," alinong'ona. "Siku ya kwenda madukani hauumi."

Bi Muhsina alikuwa anaangalia zulia.

*

Wageni walipoondoka, masinia yalibaki jikoni yamepandana, na watu wanne wakasimama kuyazunguka bila kuyagusa.

"Umenivua nguo mbele ya watu," alisema Bi Muhsina.

"Nisamehe, bimkubwa."

"Si ungeniashiria tu! Ungekonyeza! Taghreed yuko, mie niko."

"Ningekwambia nini? Umemchinjia mbuzi Shurooq aliyepona. Nikwambie hayupo?"

Taghreed alicheka puani. "Daktari mmoja ungesema kakosea. Wote watatu?"

"Sijasema wamekosea. Wamesema hawakuona kitu, na mie nnasema kinauma. Yote mawili kweli."

Marwan alikuwa mhandisi wa barabara wizarani, mtu wa vipimo, na vipimo vilikuwa vimemwacha njia panda. Alimpenda mkewe na aliamini mashine. "Kabakia daktari mmoja," alisema. "Wa viungo na misuli, hapo Bawshar. Ile miadi tuliyoingojea tangu baridi. Twendeni, tusikie."

"N'takwenda," alisema Shurooq. Alikuwa ameegemea friji, na sauti yake haikuwa na hasira yoyote. "Lakini na yeye akinambia sina kitu, sibishani tena. N'takwenda kwetu Sur, kwa mama. Nikaumwe pahala ambapo hapana wa kun'hoji."

"Kwa siku ngapi?" aliuliza Marwan.

Shurooq hakusema siku.

Bi Muhsina alizijua safari za namna hiyo. Mwanamke akirudi kwao kwa ugomvi, wazee hukaa, hupatanisha, humrudisha. Akirudi kwao kwa ugonjwa ambao wakwe hawakuuamini, hakuna la kupatanisha. Wajukuu watalelewa kwa simu, na mwanawe atakula chakula cha kununua. Aliinua sinia moja, akaliweka kwenye beseni, akafungua maji.

*

Kuomba radhi kwa mdomo Bi Muhsina alikuwa hakufundishwa. Aliomba kwa mikono. Kesho yake baada ya alasiri aliingia chumbani kwa Shurooq na bakuli la mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu, akamwambia alale kifudifudi.

Mikono hiyo ilikuwa na jina. Iliwachua wazazi arubaini zao, kutoka Mabela mpaka Qantab, na hakuna aliyewahi kuilaumu. Tangu Shurooq aanze kulalamika, ilikuwa imemchua kila wiki bila kukosa, na bila kuambiwa.

"Hapa pana fundo," alisema Bi Muhsina, akaingiza kidole gumba chini ya bega. "Unalisikia?"

"Nnalisikia."

"Na hapa. Loo! Mgongo mzima umefungana. Tulia, nilitoe."

Alikandamiza kwa uzito wa mwili wake wote. Shurooq alikuwa na ncha ya mto mdomoni. Kila kidole kilipoteremka, nyayo zake zilikunjamana, na kila Bi Muhsina alipouliza kama inatosha, alijibu ni vizuri. Mwisho alikaa kitako, uso umemvimba, akaushika ule mkono wenye mafuta na kuubusu.

"Mkono wako dawa, bimkubwa. Mungu akulipe."

"Amin. Dawa yenyewe utaiona kesho."

Kesho yake Shurooq hakuinuka kitandani mpaka adhuhuri. Ndivyo ilivyokuwa wiki zote, na Bi Muhsina alikuwa na maelezo yake: maumivu yanatoka, na kinachotoka lazima kipite. Kwa hiyo kila wiki aliongeza nguvu kidogo.

*

Siku ya miadi Marwan aliwashusha mlangoni mwa hospitali, akaenda kutafuta pahala pa kuegesha gari, na Bawshar ikammeza. Wanawake wawili waliingia kwa daktari peke yao.

Daktari aliitwa Ruba. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani juu ya ushungi, na alipowasikia wakinong'onezana mlangoni kuhusu nani akae wapi, aliacha Kiarabu palepale.

"Karibuni. Nyie Unguja au Pemba?"

"Unguja," alisema Bi Muhsina, akanyooka kitini. "Na wewe, mwanangu?"

"Sisi tumetoka Bujumbura."

"Ah. Basi Kiswahili chenu kimevuka maziwa."

"Kimevuka na kimelowa," alisema daktari, na Bi Muhsina akampenda. "Haya, Shurooq. Hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillahi."

"Usingizi?"

"Alhamdulillahi."

"Maumivu yakoje?"

"Alhamdulillahi. Ya kawaida."

Daktari aliondoa mikono kwenye kompyuta. "Alhamdulillahi ni ya Mwenyezi Mungu, na ameshaipata. Sasa nipe mimi yangu."

Shurooq alifungua mdomo, akamtupia jicho mama mkwe wake, akaufunga. Lilikuwa jicho la haraka, la adabu tupu. Bi Muhsina aliliona, na kwa kuwa hakuwa mjinga, alilielewa. Kwenye miadi yote iliyopita alikuwa amekaa hivihivi, mkoba mapajani, akimsindikiza mgonjwa. Madaktari wote waliulizia maumivu, na wote walipewa shukrani. Wakaandika walichosikia, wakapima damu.

Daktari angeweza kungoja dakika chache tu. Nje watu walikuwa wamejaa. Bi Muhsina aliona wazi kitakachofuata: karatasi nyingine safi, na njia ya Sur.

"Niulize mie," alisema. "Huyu hatokwambia. Alhamdulillahi yake hii ni malezi mema tu."

"Nakusikiliza, mama."

"Nguo za vifungo kaacha kuvaa, vidole havimtii. Kanunua za kuvaa kwa kichwani, na hizo nazo zinamshinda kwa kuwa mikono haiinuki, basi huuingiza mmoja, akapumzika, ndo akaingiza wa pili. Mie humwona, mlango hausindiki vizuri. Asubuhi hutoka chumbani kama mtu aliyekuwa akipigwa. Kalala saa zote, lakini hakupumzika. Na kusahau! Juzi kaingia jikoni, kasimama mbele ya friji, akalia, kwa sababu hajui kafuata nini." Aligeuza mkoba. "Na watoto wake wakimkimbilia kumkumbatia, hufumba macho kwanza. Halafu ndo huwafungulia mikono."

"Haya umeyaona tangu lini?"

"Siku zote."

"Ukadhani ni nini?"

Bi Muhsina alimtazama daktari usoni. "N'kadhani mvivu."

Shurooq alikuwa ameinamisha kichwa, na machozi yalikuwa yakimdondokea mikononi bila sauti. Sasa alipoulizwa tena, alijibu. Alionyesha wapi, pande zote mbili, juu ya kiuno na chini yake. Alisema ni miezi mingapi. Alisema kwamba mwanga wa taa za darasani humuumiza, kwamba siku moja shuka ilimuumiza. Alikuwa mwalimu, na alipoanza kueleza alieleza kwa mpangilio, kama mtu aliyekuwa na somo tayari na hakupata darasa.

Daktari Ruba alimpima. Alimbonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu ndogo, ile inayoifanya kucha igeuke nyeupe tu, na Bi Muhsina aliuona mwili wa mkwewe ukiruka. Kisha akazisoma karatasi zote za nyuma, moja baada ya nyingine.

"Karatasi hizi hazikukosea," alisema. "Zimetwambia si baridi yabisi, si tezi, si damu, si mfupa. Huo ni msaada mkubwa. Kosa ni kuzisoma kama zimesema huna kitu. Una kitu. Kinaitwa fibromialjia."

"Ni kidonda?" aliuliza Bi Muhsina.

"Hapana kidonda. Viungo havijaharibika, na ugonjwa huu hauvipindi wala hauui. Shida iko kwenye namna ubongo na mishipa ya fahamu inavyopokea habari za mwili. Gari lenu lina ile sensa ya nyuma, inayolia ukikaribia ukuta?"

"Linayo. Inanitia wazimu."

"Fikiria imekuwa kali kupita kiasi. Inalia kwa ukuta, inalia kwa paka, inalia kwa jani. Fundi akija akatizama nyuma ya gari, haoni ukuta. Atasema gari zima. Lakini mlio upo, na aliyemo ndani ya gari anausikia kwelikweli."

Bi Muhsina alifikiri. "Kwa hiyo maumivu ni ya kweli."

"Ya kweli, mama. Si ya kujitia, na si ya kuwaza."

"Na sababu?"

"Hatuijui yote. Huwapata wanawake zaidi, huweza kuanza baada ya homa kubwa, ajali, dhiki, au bila lolote. Dawa ya kuung'oa hatuna, sitawadanganya. Lakini sensa inaweza kutulizwa. Usingizi kwanza. Kutembea kidogo kidogo, kila siku, hata siku mbaya, na siku nzuri asijipakie kazi za wiki. Kuna vidonge vinavyowasaidia baadhi ya watu, tutajaribu. Na watu wa nyumbani wajue." Akamgeukia Shurooq. "Kuna kitu unachofanya sasa kinachokuzidishia?"

Shurooq alisita. "Hapana."

"Kuchuliwa," alisema Bi Muhsina. Alikuwa bado anaiona ile kucha nyeupe. "Anachuliwa kila wiki. Kwa nguvu."

"Na nani?"

"Na mie."

Bi Muhsina alimgeukia mkwewe kwa mwili mzima. "Ulikuwa ukiumia?"

"Sana, bimkubwa."

"Na mbona ukinibusu mkono?"

"Kwa sababu ulikuwa ukija." Shurooq alijifuta uso kwa kitambaa. "Wengine waliacha kuja. Wewe hukuniamini na ulikuja na mafuta ya moto. Nikukatalie vipi?"

Bi Muhsina aliitazama mikono yake iliyokuwa juu ya mkoba. Ilikuwa mikono ileile, safi, mizito, iliyosifiwa na watu wengi. "Daktari," alisema baadaye, "na mtu akitaka kumchua polepole? Kwa mafuta tu, kama mtu anayepangusa kioo?"

"Ikiwa yeye anataka, na akisema basi iwe basi."

"Atasema," alisema Bi Muhsina. "N'tamfundisha kunitukana, akitaka."

*

Marwan aliwakuta mlangoni, jasho linamtiririka, funguo mkononi. Mkewe alikuwa analia, na mama yake amemshika mkono kwa namna ngeni, kiganja wazi, kama mtu aliyebeba yai.

"Kasema nini?"

"Nnacho kitu," alisema Shurooq.

"Kinapona?"

"Hakiponi. Kinatulizwa."

"Sasa mbona..." Marwan aliutazama uso wake, ambao ulikuwa unacheka chini ya machozi, na kwa mara moja katika maisha yake hakudai kipimo kingine. Alimfungulia mlango wa gari. Walipokuwa wanarudi nyuma kutoka kwenye maegesho, sensa ililia, na wanawake wawili wakaangua kicheko ambacho yeye hakuelezwa mpaka walipofika barabara kuu. Walipomweleza, mhandisi aliifikiria kwenye taa tatu. Kisha akasema kwamba kitu cha namna hiyo hutokea pia kwenye mizani za malori, na kwamba dereva hupigwa faini bure, na akamwomba mkewe radhi.

Taghreed alikuwa anawangojea nyumbani, amekaa kwenye kochi na chai.

"Ugonjwa gani huo usioonekana kwenye picha?" aliuliza, baada ya kusikiliza yote.

Bi Muhsina alikuwa anavua ushungi. "Wewe ukishikwa na kipandauso hapa, tunazima taa nyumba nzima. Watoto wanatembea kwa vidole. Marwan anakwenda kuzima kengele ya mlango. Picha yake iko wapi, tuitundike?"

Taghreed aliiweka chai chini. Mtu anayewahesabia wenzake siku hutambua hesabu ikimwangukia. "Haya," alisema. Kisha, kwa sauti ya mtu anayelipa kodi: "Siku ya wageni, mdila niachieni mie. N'takuja."

"Ahsante, wifi," alisema Shurooq.

"Usin'shukuru sana, n'taacha."

Magharibi ile Bi Muhsina aliswali, na alipomaliza faradhi alisujudu sijda moja ya ziada na kukaa nayo kwa muda mrefu. Safari hii alijua anashukuru nini. Mtoto wa watu alikuwa amekaa nyumbani mwake mwaka mzima bila kuaminiwa, na hakuwa ameondoka. Mbuzi huchinjwa kwa jambo dogo kuliko hilo, alijiambia, lakini hakuchinja. Aliwapigia simu jamaa, mmoja baada ya mwingine, akawaeleza ugonjwa huo ni nini. Jina lilimshinda mara mbili kisha akalimudu, na waliomuuliza kama ni kijicho aliwajibu kwamba dua ni nzuri kwa kila kitu, ila wasimkumbatie kwa nguvu.

*

Joto lilipoanza, Shurooq na Bi Muhsina walihamishia matembezi yao kwenye jengo la maduka. Maskati mtu anayetaka kutembea Juni hana pengine pa kwenda. Milango hufunguliwa asubuhi kabla ya maduka, baridi ya mashine imeshajaa, na wanawake wa kila umri huzunguka vioo vilivyofungwa wakiwa na abaya na raba. Bi Muhsina alinunua raba za rangi ya zambarau na hakuona haya.

Mambo hayakuwa yamenyooka. Kidonge cha kwanza kilimkausha Shurooq mdomo na kumpumbaza, kikaachwa. Cha pili kilimpa usingizi, kikabaki. Kulikuwa na wiki aliyofundisha siku zote na kucheka mezani, na kulikuwa na wiki aliyolala chumba cha giza, watoto wakimletea maji kwa zamu. Tofauti ilikuwa kwamba siku hizo mbaya hakuna aliyesimama mlangoni kuuliza kwa nini.

Asubuhi moja simu yake ililia walipokuwa kwenye mzunguko wa pili. Alikuwa mama yake, kutoka Sur. Bi Muhsina alipunguza mwendo ili asisikie, na alisikia kila neno.

"Hapana, mama, usikisafishe chumba... N'takuja likizo, na watoto, na Marwan. Tutakaa wiki... La, kutembea tu. Kwangu ni huku." Alisikiliza. "Wananijua, mama. Wanajua nnaumwa nini."

Alifunga simu, wakatembea. Mbele ya duka la manukato Shurooq alisimama.

"Bimkubwa, kiuno kimeanza. Tukae kidogo."

"Tukae," alisema Bi Muhsina, na alikaa kabla yake. Alikaa kwa pumzi nzito, akaunyoosha mguu wa kulia mbele.

Shurooq alikuwa anamtazama. "Una nini?"

"Sina kitu. Nyonga hii tu."

"Tangu lini?"

"Aa, miaka."

"Miaka? Na hukusema?"

"N'seme kwa nani? Uzee huo. Nani angeniuliza?"

"Mie nnakuuliza. Inaumaje?"

Bi Muhsina aligeuka kumjibu kama inavyojibiwa, akakuta neno halipo tayari. Hakuwahi kulitafuta. Aliweka kiganja juu ya nyonga, akafikiri, huku wanawake wawili wa Kihindi wakiwapita kwa mwendo wa kasi na mfanyakazi akisukuma mashine ya kusafishia sakafu.

"Inachoma," alisema hatimaye. "Inaanza hapa. Halafu inashuka."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka hapa." Aliinama, akaonyesha juu ya goti, kwa uangalifu wa mtu anayeonyesha njia. "Asubuhi zaidi. Na nikisujudu."

Shurooq aliitikia kwa kichwa. Hakumwambia asubiri, wala ashukuru. Aliuondoa mkoba wake katikati ya benchi, ili mguu upate pahala.